Dawa Tatu Katika Tyubu Moja: Matumizi Sahihi ya Dawa za Mchanganyiko kwa Ngozi na Masikio ya Mbwa na Paka

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya au mfugaji ataweza:

- kueleza kazi ya kila dawa iliyomo katika krimu au matone ya mchanganyiko;
- kutambua hali ambazo dawa hizo hufaa na hali ambazo hudhuru;
- kufuata hatua za msingi kabla ya kumpaka mbwa au paka dawa na wakati wa kumpaka;
- kuhusisha ugonjwa wa ngozi wa mnyama wa nyumbani na afya ya watu anaoishi nao.

Kaya ya mfano

Katika kaya moja ya Kasoli, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, wamo mbwa wawili wanaolinda zizi usiku, na paka mwenye mtoto mmoja anayelinda mahindi na mtama dhidi ya panya. Kaya hii imetungwa kwa ajili ya somo, lakini yanayoipata si mageni kwa mhudumu yeyote wa afya aliyefanya kazi vijijini.

Wakati wa mvua, mbwa mkubwa anaanza kutikisa kichwa na kulikwaruza sikio la kushoto. Sikio linatoa uchafu wa kahawia na harufu mbaya. Mama wa kaya anakumbuka kuwa imebaki nusu ya tyubu ya krimu iliyonunuliwa katika duka la dawa muhimu, mwanawe wa kiume alipokuwa na choa mkononi. Anaikamulia ndani ya sikio. Baada ya siku mbili mbwa anatulia na kuacha kujikuna. Kwa furaha ya matokeo hayo, mama anampaka pia mtoto wa paka, ambaye ana mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya usoni na miguuni. Wiki inayofuata, binti yake wa miaka saba, ambaye hulala na paka huyo, anaota mapunye kichwani. Naye anapakwa krimu ileile.

Wiki tatu baadaye mbwa anatembea akiwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto na huzunguka mahali pamoja. Mabaka ya paka yameenea. Kichwa cha binti kimevimba sehemu moja, kinatoa usaha, na nywele za hapo zinang'oka kwa urahisi. Mama anafika zahanati na kuuliza: "Daktari, dawa ni ileile iliyomponya mbwa. Mbona kwa mwanangu haifanyi kazi?"

Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe. Mbwa hakuwa amepona. Alikuwa ametulizwa.

Kilichomo ndani ya tyubu

Dawa nyingi za mchanganyiko za kupaka, ziwe za binadamu au za wanyama, hujengwa kwa nguzo tatu.

*Nguzo ya kwanza ni antibiotiki,* yaani dawa ya kuua bakteria. Zinazotumika mara nyingi ni neomaisini, jentamaisini, polimiksini B na asidi ya fusidi. Neomaisini iligunduliwa mwaka 1949 na Selman Waksman na Hubert Lechevalier katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, kutoka kwa bakteria wa udongoni. Kazi yake kwa mbwa na paka ni kupambana na bakteria kama stafilokoki, ambao huishi juu ya ngozi yenye afya bila madhara na kushambulia pale ngozi inapodhoofika.

*Nguzo ya pili ni dawa ya fangasi.* Hapa hupatikana nistatini, klotrimazoli au mikonazoli. Nistatini nayo ilitoka udongoni: Elizabeth Hazen na Rachel Brown, wanasayansi wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York, waliitangaza mwaka 1950 baada ya kuipata kwa kiumbe aliyetoka katika udongo wa shamba moja la Virginia. Tofauti kati ya dawa hizi ni muhimu sana. Nistatini huua fangasi wa jamii ya hamira, kama kandida na malasezia, lakini haifanyi kazi dhidi ya fangasi wanaosababisha choa na mapunye. Klotrimazoli na mikonazoli hufika kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo, anayesema tu kwamba dawa "ina ya fangasi" hajasema jambo la kutosha. Ni lazima kusoma ni ipi.

*Nguzo ya tatu ni steroidi,* kama vile betamethasoni, triamsinoloni, deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi haiui kiumbe chochote. Kazi yake ni kuzima mwako wa mwili, yaani uvimbe, wekundu, maumivu na mwasho. Wasomaji wengi wanaifahamu betamethasoni kwa sura nyingine, kwani ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa vibaya kuchubua ngozi ya uso.

Mchanganyiko huu una mantiki yake ya kitabibu. Sikio la mbwa lililovimba huwa limejifunga, na dawa haiwezi kupita. Steroidi hupunguza uvimbe na kufungua njia. Tena, bakteria na fangasi wa jamii ya hamira mara nyingi hustawi pamoja katika sikio au mkunjo wa ngozi wenye unyevunyevu. Dawa inayogusa pande zote mbili kwa pamoja, huku ikimpunguzia mnyama maumivu, ni chombo kizuri mkononi mwa anayejua anachokitibu.

Kutulia si kupona

Hatari ya tyubu hiyo imo katika uzuri wake. Steroidi hufanya kazi upesi. Mwasho unaweza kupungua ndani ya siku moja au mbili, kabla antibiotiki na dawa ya fangasi hazijamaliza kazi, au hata pale ambapo hazina kazi yoyote ya kufanya kwa sababu chanzo cha ugonjwa ni kingine kabisa. Mwenye mnyama huona nafuu, huacha dawa na kuiweka kwa ajili ya siku nyingine.

Wakati huohuo, steroidi huwa imepunguza ulinzi wa ngozi mahali ilipopakwa. Ikiwa adui ni fangasi wa choa na dawa iliyomo haimwezi, au imepakwa kwa siku chache tu, fangasi huendelea kutambaa chini ya ngozi iliyotulia. Kwa binadamu madaktari huliita tatizo hili choa kilichofichwa: duara linapoteza ukingo wake, wekundu unafifia, na hata daktari mzoefu anaweza kulikosea. Ikiwa adui ni utitiri wa demodeksi, ambao huwapata hasa mbwa wachanga na wale wenye kinga dhaifu, steroidi inaweza kuugeuza ugonjwa mdogo wa usoni kuwa ugonjwa wa mwili mzima.

Steroidi ikitumiwa kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba, na sehemu yake hupenya hadi kwenye damu, hasa kwa mnyama mdogo aliyepakwa eneo kubwa au anayeilamba. Kwa mnyama mwenye mimba, itumike tu kwa uamuzi wa daktari wa mifugo.

Sikio la mbwa si kama la mtu

Mfereji wa sikio la binadamu ni mfupi na karibu umenyooka. Wa mbwa hushuka kwanza wima, kisha hukata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L. Mwishoni mwa kona hiyo ndipo kilipo kiwambo cha sikio, ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Umbo hili lina matokeo matatu.

Kwanza, uchafu na maji hushuka kwa urahisi na hupanda kwa shida. Pili, krimu nzito iliyokamuliwa mlangoni mwa sikio mara nyingi haifiki kwenye kona, kwenye ugonjwa. Ndiyo maana dawa za masikio ya wanyama hutengenezwa kuwa matone au mafuta mepesi. Tatu, hakuna ajuaye kama kiwambo ni kizima mpaka kifaa cha kuchungulia sikio kitumike.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Neomaisini na jentamaisini ni za kundi la dawa zinazoweza kuua seli za usikivu na za mizani ya mwili endapo zitapita kiwambo kilichotoboka na kuingia sikio la ndani. Mnyama anaweza kuwa kiziwi, kuinamisha kichwa, kuanguka upande mmoja au kuzunguka. Usaha wenyewe ukipenya huko ndani huleta dalili zizo hizo, na kwa hiyo mbwa wa kaya ya mfano aliumizwa ama na dawa, ama na ugonjwa uliofunikwa na dawa, ama na vyote viwili. Kwa kila hali, uchunguzi kabla ya tyubu ungeweza kuyabadilisha matokeo.

Mbwa wengi wa kienyeji wana masikio yaliyosimama, yanayopitisha hewa vizuri. Sikio la namna hiyo likioza kwa ndani, inafaa kuuliza kilichoanza. Mara nyingi huwa ni kupe aliyejificha mferejini, mbegu ya nyasi iliyochoma wakati mbwa akipita malishoni, au utitiri wa masikio, ambao huonekana zaidi kwa paka na huacha uchafu mweusi mfano wa unga wa kahawa. Katika hali hizo bakteria na fangasi ni wageni waliofuata mlango uliokwisha kufunguliwa. Kuwatibu wao na kumwacha kupe ndani ni kupiga deki chini ya bomba linalovuja. Vilevile vidonda vya ncha za masikio, ambavyo husababishwa na nzi wanaouma, havitapona kwa krimu ikiwa nzi wanaendelea kutua hapo kila siku.

Kumtambua adui wa ngozi

Mabaka ya ngozi hufanana, lakini chanzo chake hutofautiana. Viashiria vifuatavyo humsaidia mfugaji kueleza tatizo vizuri. Havichukui nafasi ya uchunguzi.

- *Vipele vyenye usaha, magamba ya mviringo na ukoko:* mara nyingi ni bakteria. Eneo dogo linaweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka. Eneo kubwa huhitaji kuoshwa kwa sabuni ya dawa, kama yenye kloheksidini, na tathmini ya daktari wa mifugo.
- *Ngozi yenye mafuta, harufu kali na rangi inayozidi kuwa nyeusi, hasa kwapani, shingoni na katikati ya vidole:* mara nyingi ni malasezia. Dawa ya mchanganyiko inaweza kufaa.
- *Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, hasa kwa watoto wa paka:* shuku choa. Steroidi haifai hapa.
- *Mwasho mkali sana kwenye kingo za masikio na viwiko, manyoya yanayopukutika na ngozi kukakamaa:* shuku upele wa mbwa. Hakuna dawa ya kuua utitiri huo katika mchanganyiko wa kawaida wa nguzo tatu.
- *Mwasho wa mgongo karibu na mkia:* tafuta viroboto kabla ya kutafuta tyubu.

Uchunguzi unaoamua mara nyingi hauhitaji mashine kubwa. Kijiti chenye pamba huzungushwa ndani ya sikio, huviringishwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Malasezia huonekana mfano wa ganda la karanga lenye kiuno. Stafilokoki huonekana kama vishada vya duara. Bakteria wenye umbo la fimbo huonya kwamba huenda kuna sudomonasi, ambaye mara nyingi ni sugu kwa dawa nyingi na huhitaji kuoteshwa maabara. Ngozi iliyokwanguliwa na kuwekwa katika tone la mafuta huonyesha utitiri, na manyoya yaliyowekwa katika potasiamu haidroksaidi huweza kuonyesha fangasi wa choa. Mtaalamu wa mifugo wa kata asiye na vifaa hivi anaweza kuomba msaada wa ofisi ya mifugo ya halmashauri, na kwa tatizo sugu, wa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Hatua za matumizi

1. *Anza na usalama.* Mbwa mwenye maumivu ya sikio huuma. Hakikisha amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, mfunge mdomo kwa kamba laini, na mtu anayemzoea amshike. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi au kushindwa kumeza, asiguswe. Taarifa itolewe kwa mtaalamu wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

2. *Kiwambo kichunguzwe.* Ikiwa haiwezekani kukiona, au mnyama ameinamisha kichwa, hasikii vizuri au anayumba, matone yenye neomaisini au jentamaisini yasitiwe.

3. *Safisha.* Usaha hupunguza nguvu ya polimiksini na ya dawa za kundi la neomaisini, hivyo dawa iliyowekwa juu ya uchafu hupotea bure. Maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa hadi uvuguvugu ndiyo salama zaidi pale ambapo hali ya kiwambo haijulikani. Jaza mfereji, kanda shina la sikio taratibu, mwache mnyama atikise kichwa, kisha futa kwa pamba sehemu inayoonekana tu. Kijiti cha pamba kisisukumwe ndani. Kwenye ngozi, nyoa manyoya yanayozunguka kidonda, osha na kausha.

4. *Weka dawa kwa kipimo cha lebo.* Kwa masikio, nyingi hutumika mara moja au mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 14. Kanda shina la sikio baada ya kutia ili dawa ifike konani. Kwenye ngozi, paka utando mwembamba. Kidonda chenye tabaka nene la krimu hubaki na unyevu.

5. *Zuia kulamba.* Kola ya boksi gumu au ndoo ndogo iliyokatwa kitako huvaliwa shingoni. Kwa paka jambo hili ni la lazima, kwa kuwa hujilamba mwili mzima kila siku.

6. *Vaa glovu na nawa mikono.* Anayepaka naye hugusa steroidi na antibiotiki. Neomaisini inajulikana kwa kusababisha mzio wa ngozi kwa watu.

7. *Rudi kuchunguzwa kabla ya kuacha.* Kipimo cha kupona ni sikio safi na hadubini isiyoonyesha wadudu tena. Mwasho kuisha pekee hakutoshi. Ikiwa hakuna nafuu baada ya wiki moja, au hali imezidi, acha dawa na umwone mtaalamu, usiongeze tyubu.

Vitu visivyopaswa kumgusa mnyama

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na nyumba nyingi zina viuatilifu vya shambani pamoja na dawa za kuogeshea ng'ombe. Ni rahisi kwa mtu mwenye mbwa anayejikuna kufikiri kwamba kinachoua mdudu wa pamba au kupe wa ng'ombe kitaua na kiroboto. Kitaua kiroboto, na huenda kikamuua na mnyama. Paka hasa hawana uwezo wa kutosha wa kuvunja sumu za kundi la permethrini na saipamethrini, na kiasi kidogo huweza kuwaletea mitetemeko na kifo. Amitrazi nayo ni hatari kwao. Sindano ya ivamektini iliyopimwa kwa ng'ombe ni nyingi mno kwa mbwa mdogo, na kosa la tone moja ni kosa kubwa.

Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, maji ya betri na spiriti visipakwe kwenye ngozi wala kutiwa sikioni. Oili chafu hubandika magamba na kuonekana kama imetibu upele, lakini huunguza ngozi, na mnyama anayejilamba huimeza pamoja na metali zilizomo.

Somo kwa mhudumu wa afya wa binadamu

Binti wa kaya ya mfano anahitaji kutazamwa kwa haki. Si sahihi kumtupia paka lawama ya kila mapunye. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya mapunye ya watoto hutokana na fangasi wanaosambaa kutoka mtoto hadi mtoto, kwa kichana, kofia, mashine ya kunyolea na kulala pamoja. Hata hivyo, yupo fangasi mmoja, maikrosporamu kanisi, ambaye makao yake ni paka na mbwa, na ambaye huruka kwa urahisi hadi kwenye kichwa cha mtoto. Paka anaweza kumbeba bila kuonyesha baka lolote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa huenda ki kitandani, kimejikunja miguuni mwa mtoto.

Kwa sababu hiyo, swali moja linastahili kuongezwa kwenye historia ya kila mgonjwa wa choa, mapunye au upele usioisha: "Nyumbani kuna mbwa au paka anayejikuna au aliyepukutika manyoya?" Swali hilo halina gharama, na jibu lake huweza kueleza kwa nini familia imetibiwa mara tatu na kurudi mara tatu. Upele wa mbwa nao huweza kumwashia mtu mikononi na tumboni; mwasho huo wa mtu kwa kawaida hukoma mbwa akitibiwa.

Jambo la pili ni tiba yenyewe. Mapunye hayaponi kwa krimu pekee, iwe na nguzo moja au tatu, kwa sababu fangasi huwa amejichimbia ndani ya shina la nywele, mahali ambapo krimu haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo cha uzito wake. Uvimbe laini unaotoa usaha, kama wa binti huyu, ni mwako mkali wa mwili dhidi ya fangasi. Usipasuliwe kama jipu. Wagonjwa wanaoshindikana wanaweza kupewa rufaa hadi Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimewafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Tyubu iliyobaki na usugu wa dawa

Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani kwa mwaka 2019. Krimu inaonekana kuwa jambo dogo mbele ya tarakimu hiyo, lakini kila mara antibiotiki inapopakwa kwa siku mbili na kuachwa, bakteria waliosalia ni wale walioistahimili. Stafilokoki wa mbwa na wa binadamu huishi chini ya paa moja, na wanaweza kuhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Fangasi nao wamejifunza. Katika Asia ya Kusini umeenea fangasi wa choa aitwaye Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi haisikii terbinafini, dawa iliyokuwa tegemeo. Watafiti huhusisha kuenea kwake, kwa sehemu, na uuzaji huria wa krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Fangasi huyo amekwisha kuonekana katika mabara mengine. Krimu za namna hiyohiyo zinapatikana kwa urahisi Tanzania, na onyo hilo linatuhusu.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba husajili dawa za binadamu na za mifugo kwa utaratibu wake, na lebo hueleza dawa ni ya nani. Muuzaji wa duka la dawa muhimu anayeulizwa dawa ya sikio la mbwa afanye jambo moja la busara: amwelekeze mteja kwa mtaalamu wa mifugo. Nyumbani, kanuni iwe fupi: tyubu moja, mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja. Iliyobaki isihifadhiwe kwa ajili ya mwingine.

Kurudi katika kaya ya Kasoli

Mhudumu wa zahanati aliyempokea mama huyo alikuwa na mambo manne ya kufanya. Alimwanzishia binti dawa ya kumeza na kuwachunguza vichwa ndugu zake wote. Alimweleza mama kwa upole kwamba dawa haikumponya mbwa, ilimnyamazisha, na kwamba nia yake ilikuwa njema. Aliwasiliana na mtaalamu wa mifugo wa kata ili mbwa na paka wachunguzwe, paka atengwe na kitanda cha watoto hadi atakapopona, na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Mwisho aliomba kuiona tyubu, akaisoma pamoja na mama, jina kwa jina, na kumwonyesha neno betamethasoni.

Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo inayoitwa Afya Moja: kutambua kwamba mtoto, paka na mbwa wa kaya moja wanaweza kuwa wagonjwa watatu wa tatizo moja, au wagonjwa watatu wa matatizo matatu yaliyofunikwa na krimu moja.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa paka ana choa, na dawa iliyopo ina nistatini, neomaisini na triamsinoloni. Je, itamfaa?
2. Mbwa mwenye sikio linalotoa usaha anayumba anapotembea. Ni dawa zipi zisitiwe sikioni, na kwa nini?
3. Mbwa ameacha kujikuna siku ya pili ya dawa. Je, dawa iachwe?

*Majibu.* (1) Hapana. Nistatini haigusi fangasi wa choa, neomaisini ni ya bakteria, na steroidi itadhoofisha ulinzi wa ngozi. (2) Neomaisini na jentamaisini, kwa kuwa kiwambo huenda kimetoboka na dawa hizo zinaweza kuharibu usikivu na mizani. (3) Hapana. Kutulia kwa mapema huenda ni kazi ya steroidi. Dawa imalizwe kama ilivyoelekezwa na mnyama achunguzwe tena.